Nani Alilipwa? Kisa cha Ruzuku ya Pamba ya Marekani, Kikitazamwa kutoka Nairobi

Desemba 2015 mawaziri wa biashara kutoka kila pembe ya dunia walijaa KICC, jumba la mikutano la Nairobi, kwa mkutano wa kumi wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani, WTO. Ulikuwa wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kiti kilishikwa na Amina Mohamed, wakati huo waziri wetu wa mambo ya nje. Mazungumzo yalipitiliza siku iliyopangwa, na tarehe 19 yakatoka maamuzi kadhaa, mmoja wao ukiwa wa pamba. Nchi zilizoendelea zilitakiwa kukomesha papo hapo ruzuku za kuuza pamba nje, na zile zinazoendelea zikapewa hadi mwanzo wa 2017.

Uamuzi huo ulisifiwa, nami sipuuzi kilichopatikana. Lakini fedha nyingi za pamba hazikuwa zikipitia mlango huo. Zilikuwa zikimfikia mkulima akiwa nyumbani kwake, kwa hundi kutoka wizara ya kilimo ya nchi yake. Kuhusu hizo, maandishi ya Nairobi yalitambua hatua zilizokwisha kupigwa, yakasema kazi bado ipo, yakahimiza uwazi zaidi. Uwazi wenyewe unaopatikana WTO ni wa jumla: nchi fulani, mwaka fulani, dola kiasi fulani. Jina la aliyelipwa halimo, shamba halimo, na alichopanda hakimo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi mambo matatu yanavyotegemeana. Ruzuku ina jedwali lenye safu tatu: nani alilipwa, alilipwa kiasi gani, na kwa shamba lipi lililopandwa nini. Ukizipata mbili bila ya tatu, mlipaji anaweza kukueleza lolote na huna la kumjibu.

Hundi zilivyoandikwa

Tuanze na namna mkulima wa pamba wa Marekani alivyolipwa miaka ya mwanzo ya karne hii. Bila kuelewa hilo, ugomvi uliofuata haueleweki.

Kulikuwa na mkopo wa mavuno. Mkulima aliweka pamba yake rehani kwa serikali kwa senti 52 za dola kwa ratili. Bei ya soko ikianguka chini ya hapo, alirudisha mkopo kwa bei ya chini na tofauti ikabaki kuwa yake. Mwishoni mwa 2001 bei ya dunia ilishuka chini ya senti 40, kwa hiyo tofauti hiyo haikuwa ndogo. Sheria ya kilimo ya 2002 iliongeza malipo mengine ya kuinua kipato hadi bei lengwa ya senti 72.4. Palikuwa pia na malipo kwa viwanda na wauzaji nje walionunua pamba ya Marekani pale ilipokuwa ghali kuliko ya wengine, na mpango huu ulijulikana kama Step 2.

Halafu yakaja malipo yenye utata mkubwa zaidi. Tangu sheria ya 1996, mkulima alipokea hundi kwa kuangalia historia ya shamba. Kama ardhi hiyo iliwahi kusajiliwa kuwa ya pamba, ililipwa kama ya pamba, hata kama leo imepandwa soya au imeachwa ipumzike. Serikali ilisema malipo haya hayana uhusiano na zao lolote, hivyo hayawezi kuvuruga soko. Hata hivyo, mwenye ardhi hiyo hakuwa huru kabisa, kwani akipanda matunda au mboga malipo yalipunguzwa au kufutwa. Sharti hilo dogo lilikuja kuigharimu Marekani mahakamani.

Brazil ilipiga hesabu ya misimu minne, kuanzia Agosti 1999 hadi Julai 2003, ikapata ruzuku za dola bilioni 12.47 kwa pamba ambayo thamani yake yote ilikuwa dola bilioni 13.94. Ni karibu senti 90 za ruzuku kwa kila dola ya pamba. Wakulima wenyewe walikadiriwa kuwa 25,000 hivi. Upande wa pili wa soko hilohilo kulikuwa na watu wapatao milioni 10 wa Afrika Magharibi na Kati wanaoishi kwa pamba. Kulikuwa pia na wakulima wa kwetu wa Busia, Kitui na Lamu, ambao bei wanayotajiwa kwenye kinu cha kuchambulia pamba inafuata bei ya dunia, watake wasitake.

Orodha ilipofunguliwa

Kwa miaka mingi Mmarekani wa kawaida alijua jumla tu. Gazeti la Washington Post liliomba wizara ya kilimo majina na anwani za waliolipwa ruzuku ya pamba, wizara ikakataa, ikidai kwamba ni faragha ya wakulima. Gazeti likaenda mahakamani. Mwaka 1996 mahakama mjini Washington iliamua kwamba majina yatolewe. Kuhusu hoja kuwa anwani nyingi ni za nyumbani, mahakama iliona kwamba mtu anayeendesha biashara ya kilimo kutoka nyumbani kwake, na akaomba fedha za umma kwa biashara hiyo, maslahi yake ya faragha katika anwani hiyo ni madogo mno.

Ninauona uamuzi huu kuwa nguzo ya kisa chote. Haukusema kwamba mkulima hana faragha. Ulitenganisha mtu na biashara yake, ukasema hundi ya serikali imeandikiwa biashara.

Mlango ukishafunguka, wengine huingia. Shirika la utetezi wa mazingira la Environmental Working Group liliomba kumbukumbu za malipo kutoka wizarani, na Novemba 2001 likaziweka kwenye intaneti. Yeyote aliweza kuandika jina, kaunti au eneo na kuona nani alipokea nini. Kilichoonekana kilibadilisha mazungumzo. Kwa miaka ya 1996 hadi 2000, asilimia 10 ya wapokeaji walikuwa wamechukua takriban theluthi mbili ya fedha zote. Hundi nyingine zilikuwa zikitumwa katikati ya miji mikubwa ambako hakuna hata ekari moja ya shamba. Wanasiasa waliozoea kusimama jukwaani na kutetea mkulima mdogo sasa walikutana na wapiga kura wenye karatasi mkononi.

Tazama lakini kilichotokea bungeni baada ya hapo. Seneti yao ilipitisha kikomo cha dola 275,000 kwa mwaka kwa mpokeaji mmoja. Sheria iliyotiwa saini Mei 2002 ilirudi na dola 360,000, na njia za kukikwepa zikaachwa wazi, ikiwemo ya kulipa mkopo wa pamba kwa vyeti maalumu ambavyo havikuhesabiwa katika kikomo hicho. Uwazi ulifanya jambo lijulikane, ukalazimisha kura ipigwe. Haukutosha kuishinda nguvu ya waliokuwa wakinufaika. Wanaotuahidi kwamba kuchapisha takwimu pekee kutamaliza ufisadi wanapaswa kuisoma sura hii kwa makini.

Geneva: safu iliyokosekana

Septemba 2002 Brazil iliishtaki Marekani WTO, ambayo makao yake yako Geneva. Benin na Chad ziliingia kama washiriki wa upande wa tatu. Timu ya Brazil iliongozwa na Roberto Azevêdo, yuleyule aliyekuja Nairobi miaka 13 baadaye akiwa mkurugenzi mkuu wa WTO.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kifungu kilichoitwa cha amani. Makubaliano ya kilimo yalizuia mashtaka ya aina hii hadi mwisho wa 2003, ilimradi msaada kwa zao husika usizidi ule ulioamuliwa katika msimu wa 1992. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya jopo la WTO lililosikiliza kesi lilikuwa la hesabu tupu: je, ni fedha kiasi gani zilizokwenda kwa pamba?

Kwa mikopo, jibu lilikuwa rahisi, kwa sababu hakuna mkopo wa pamba bila pamba. Kwa hundi za historia ya shamba, jibu lilihitaji majedwali mawili kuwekwa bega kwa bega. La kwanza lionyeshe shamba hili limesajiliwa ekari ngapi za pamba kwa ajili ya malipo, na la pili lionyeshe shamba hilohilo limepanda ekari ngapi za pamba mwaka huu. Kama wanaopanda pamba leo ndio walewale wenye usajili wa pamba, basi hundi hizo ni ruzuku ya pamba kwa jina jingine.

Marekani ilikuwa na majedwali yote mawili. Brazil iliyaomba, jopo nalo likaomba. Jibu likawa Sheria ya Faragha ya 1974. Takwimu zilipotolewa hatimaye, mwishoni mwa 2003 na mapema 2004, namba za mashamba zilikuwa zimevurugwa kiasi kwamba jedwali moja halikuweza kuunganishwa na jingine. Mtu alikabidhiwa maelfu ya mistari, na hakuna mstari mmoja uliomfaa kwa swali lililoulizwa.

Hapa ndipo ninapokaa kwa muda, kwa sababu hoja ya faragha ilisikika ya heshima na ilihali haikusimama. Majina ya waliolipwa na kiasi walicholipwa vilikuwa kwenye intaneti tangu 2001, kwa amri ya msimamo ambao mahakama ya Marekani yenyewe ilikwisha kuuweka. Sheria ile ya 1974 humlinda mtu binafsi, na sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa kampuni na ubia wa kilimo. Zaidi ya hayo, kujibu swali la jopo hakukuhitaji jina la mtu yeyote. Ingetosha kulipatia kila shamba namba ya bandia, ileile katika majedwali yote mawili. Namba hiyo ingemlinda mkulima na ingelijibu swali.

Brazil ilishinda hata hivyo. Jopo lilitumia njia za makadirio, ripoti yake ikatoka Septemba 2004, na Chombo cha Rufaa kikaunga mkono sehemu kubwa Machi 2005. Lile sharti la matunda na mboga lilichangia, kwani jopo liliona malipo yanayomzuia mkulima kupanda vitu fulani hayawezi kudai kwamba hayajali kinachopandwa. Mchumi wa California, Daniel Sumner, aliyetoa ushahidi kwa upande wa Brazil, alikadiria kwamba bila ruzuku hizo bei ya pamba duniani ingekuwa juu kwa asilimia 12.6.

Lakini Brazil ni taifa kubwa lenye wanasheria wake, wachumi wa kukodi na miaka ya kusubiri. Mali au Burkina Faso ikikabidhiwa majedwali yaliyovurugwa, kesi inafia hapo. Hii ndiyo sababu ninasema kuficha safu moja kunamuumiza mnyonge zaidi, kwa kuwa mwenye uwezo ataikadiria kwa njia nyingine.

Nyuma ya ushirika

Orodha ya 2001 yenyewe ilikuwa na pengo. Hundi nyingi za pamba ziliandikwa kwa jina la ushirika, ubia au amana, na walio nyuma ya jina hilo hawakuonekana. Sheria ya 2002 iliagiza wizara ifuatilie kila dola hadi kwa binadamu wa mwisho. Kazi ikafanyika, na 2007 matokeo yakachapishwa. Kwa mara ya kwanza ilionekana ni nani hasa aliyekuwa akinufaika kupitia tabaka mbili tatu za kampuni.

Mwaka mmoja baadaye sheria mpya ya kilimo ililifanya agizo hilo kuwa la hiari, na wizara ikaacha kuitengeneza orodha hiyo. Sheria hiyohiyo ya 2008 iliongeza kifungu kinachozuia kutolewa kwa taarifa za ramani za mashamba na taarifa ambazo mkulima anaipa wizara kuhusu ardhi na shughuli zake. Miezi michache kabla, mahakama ya rufaa ilikuwa imeamuru taarifa za aina hiyo zitolewe. Malipo kwa majina yakabaki wazi. Safu iliyokataliwa Geneva kwa visingizio ikawa sasa imefungwa kwa sheria ya nchi.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Step 2 ilifutwa Agosti 2006. Mwaka 2009 Brazil iliruhusiwa kulipiza kisasi cha kibiashara. Mwaka 2010 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 147.3 kila mwaka kwa mfuko wa wakulima wa pamba wa Brazil, na 2014 ikamaliza ugomvi kwa dola milioni 300. Tafsiri yake ni kwamba mlipa kodi wa Marekani aliwalipa wakulima wa Brazil ili serikali yake iendelee kuwalipa wa kwao. Sheria ya 2014 iliiondoa pamba katika mipango mikuu ya ruzuku, kisha Februari 2018 Bunge lao likairudisha kwa jina la pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijachambuliwa. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, ambazo marais wawili kati ya wao waliandika kilio chao katika New York Times Julai 2003, hazikuwa miongoni mwa waliolipwa.

Kwetu

Sasa nije kwetu, maana ni rahisi kuyasimulia ya Washington kama hadithi ya mbali.

Tangu 2022 serikali ya Kenya imeuza mbolea ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 kwanza kwa shilingi 3,500, kisha 2,500 mwaka 2023. Ili kuipata, mkulima huandikishwa mashinani, mara nyingi kwa usimamizi wa chifu na naibu wake. Taarifa zake huingia katika mfumo wa kitaifa wa KIAMIS: kitambulisho, simu, ukubwa wa shamba, mazao. Halafu hupata ujumbe wa vocha kwenye simu, na akichukua mbolea kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, mfumo hurekodi. Wakulima wa pamba nao wamekuwa wakipewa mbegu na serikali, hasa baada ya pamba ya BT, iliyobadilishwa vinasaba, kuidhinishwa kwa kilimo cha biashara Desemba 2019.

Maana yake serikali yetu leo inashika safu zote tatu, tena kwa njia ya dijitali. Tunachotangaziwa ni safu moja iliyojumlishwa: mifuko kiasi fulani imesambazwa, wakulima kiasi fulani wamesajiliwa. Mwananchi wa Teso au Mwingi hana njia ya kujua kama mifuko iliyohesabiwa katika wadi yake ilifika katika wadi yake.

Tumekwisha kuonja matokeo. Mwaka 2018 wakulima wa mahindi wa Bonde la Ufa walilala kwenye foleni za maghala huku wakilalamika kwamba wafanyabiashara wachache wamelipwa mabilioni kwa mahindi ambayo si ya mashamba yao. Hoja yote iligeuka kuwa ya orodha: nani kalipwa, na ana shamba gani la kutoa magunia yote hayo? Mwaka 2024 ikaja mbolea bandia. Hoja ya kumwondoa waziri Mithika Linturi ilipita katika Bunge la Taifa Mei 2, kamati ikamsafisha siku chache baadaye, na wakulima wakaahidiwa fidia. Nje ya serikali, nani anaweza kuthibitisha kwamba kila aliyeuziwa mchanga kwa jina la mbolea ndiye aliyefidiwa? Jibu limo katika kumbukumbu za vocha.

Najua pingamizi litakuja, na ni la haki. Mjane mwenye ekari mbili Busia akichapishwa jina, namba ya simu na kitambulisho, matapeli wa simu watamfikia kabla ya wiki kwisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo kwa ajili yake. Wazungu wa Ulaya walilikuta suala hili hili. Novemba 2010 mahakama yao kuu ya Umoja ilibatilisha kanuni iliyochapisha majina ya wakulima wote wa kawaida bila kujali walipokea kiasi gani. Mwaka 2013 wakarudi na kanuni nyingine: wapokeaji wachapishwe kwa majina, lakini wasiozidi euro 1,250 kwa mwaka waonekane kwa namba tu. Mdogo akalindwa, mkubwa akabaki mwangani.

Kiwango chetu kinaweza kuwekwa kwa mifuko. Mwenye mifuko michache ahesabiwe katika wadi yake bila jina. Kampuni, ushirika, msambazaji na mwenye shamba kubwa watajwe, pamoja na ekari walizosajili na zao walilosema watapanda. Ushirika ukitajwa, idadi ya wanachama waliopokea itajwe pia, tusirudie pengo la 2001.

Hatuhitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, haikulazimishi kueleza sababu yako, na inampa ofisa siku 21 za kujibu. Akikataa au akinyamaza, suala linapelekwa kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30. Faragha ni miongoni mwa sababu zinazoruhusiwa za kukataa, lakini sheria hiyohiyo inasema taarifa inaweza kutolewa pale maslahi ya umma yanapozidi madhara.

Kikundi cha wakulima au cha wakazi kinachotaka kuandika kwa wizara pale Kilimo House kiombe mambo mahususi: msimu mmoja, kaunti moja, jedwali la waliosajiliwa na ekari zao, jedwali la vocha zilizotumwa, na jedwali la mifuko au mbegu zilizochukuliwa ghalani. Ofisa akijibu kwamba majina ni siri, kikubali ayafute, ilimradi kila shamba libaki na namba yake, ileile katika majedwali yote matatu.